Linki za katalogi ya maktaba zinakufa usiku mmoja. Mnazifanyaje zidumu?

#1 Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu, poleni na majukumu. Nipo Kigoma mjini, nafundisha historia darasa la jioni, watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita. Kuna jambo dogo limenitia aibu mbele ya darasa, naomba wajuzi mnitoe.

Wiki iliyopita niliamua vijana waache kunakili maelezo yangu ya ubaoni, waende wenyewe kwenye vitabu. Mada ni Ziwa Tanganyika na biashara ya Ujiji karne ya 19, halafu meli yetu ya Liemba na vita ile ya kwanza. Nikakaa Jumamosi nzima kwenye kompyuta za maktaba ya chuo kimoja, nikatafuta kwenye katalogi yao, nikahamia na katalogi za nje. Kila nikipata orodha nzuri nakopi anwani ya juu kwenye brauza, napesti kwenye faili. Nikatoka na linki 14. Usiku nikazishusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa, nikalala najiona mwalimu wa kisasa.

Jumatatu naingia darasani, kimya. Kijana wa mbele ananipa simu yake nione mwenyewe. Linki ya kwanza: ukurasa mweupe, mstari mmoja wa Kiingereza, muda wako umekwisha, anza upya. Ya pili hivyohivyo. Ya tano haifunguki kabisa, simu inazunguka mpaka inachoka. Ya tisa ndiyo imefunguka, ila imeleta Ziwa Victoria, Ziwa Chad na kitabu cha mapishi ya samaki. Binti mmoja anatoka Ujiji alikuwa ameshaenda steshenari kuzichapa zote, karatasi mbili, linki moja imekula mistari minne. Kaninyooshea karatasi: "Mwalimu, sasa hizi nazibonyeza wapi?"

Nauliza: linki ya utafutaji wa katalogi inatengenezwaje ili mtu akiifungua wiki ijayo, kwa simu yake, aone kile nilichokiona mimi?

#2 Kijana wa Kibirizi

Kitabu cha mapishi ya samaki kwa mtu wa Kigoma ni jibu sahihi kabisa mkuu, katalogi imekutambua. Ngoja nikae hapa na mgebuka wangu nisubiri wajuzi.

#3 Bando Limekata

Mambo ya katalogi ya nini karne hii? Pakua PDF, tupa kwenye grupu, kazi imekwisha.

#4 Mwalimu wa Mwanga

Mkuu #3, vitabu vingi vya mada hii vipo rafuni tu, PDF hakuna, au ipo ya wizi iliyokatwa kurasa za ramani. Na PDF nikiwapa mbili watadhani vitabu vilivyopo duniani ni viwili. Nataka waone orodha, wachague, wakosee, warudi.

#5 Mama Katalogi (Tabora)

Mwangaluka mwalimu. Mimi ni mkutubi, nipo Tabora, nilianza kazi hii wakati wa kadi. Usijilaumu sana. Brauza inakuonyesha anwani pale juu, nawe unadhani ni anwani ya ukurasa ulio mbele yako. Mara nyingi siyo.

Katalogi nyingi, hasa zile za mfumo wa zamani, ukiingia zinakukatia tiketi. Seva inaandika kwake: mgeni namba fulani, katafuta hiki, orodha yake ni hii. Tangu hapo kila ukurasa unaofungua, anwani inabeba namba ya tiketi, haibebi ulichotafuta. Ukikaa kimya kwa muda, seva inachana tiketi. Kwa hiyo ulichowatumia vijana ni vipande vya tiketi za treni ya jana.

Kuitambua ni rahisi ukizoea. Soma kinachofuata baada ya alama ya kuuliza. Ukikuta jsessionid, au sid, au msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, na neno ulilotafuta halimo popote, achana nayo. Ukikuta neno lako mwenyewe, Ujiji au Liemba, limekaa mle ndani, hiyo ina uhai. Kuna na aina ya tatu: unatafuta, majibu yanakuja, lakini anwani ya juu haibadiliki hata herufi moja. Hapo fomu imepeleka swali lako kwa mlango wa nyuma na hakuna cha kukopi. Kwenye hizo zote angalia pembeni ya skrini kama kuna kitufe cha permalink (linki ya kudumu) au kialama cha mnyororo. Hicho ndicho cha kubonyeza, ile anwani ya juu iache.

Katalogi za vyuo vingi hapa nchini zinatumia Koha. Hii ni programu huru, ilizaliwa New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na jina lenyewe ni neno la Kimaori, maana yake zawadi. Uzuri wake ni kwamba haifichi swali. Tazama:

/cgi-bin/koha/opac-search.pl?idx=su&q=Ujiji&sort_by=pubdate_dsc

Isome kama sentensi. Alama ya & ni "na". idx=su, tafuta upande wa mada. q=Ujiji, neno lenyewe. sort_by=pubdate_dsc, panga vipya vitangulie. Ukitaka kichwa cha kitabu unaweka ti badala ya su, mwandishi au, ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) nb. Ukishaielewa huhitaji hata kutafuta kwanza ndipo ukopi, unaiandika kwa mkono.

Na hiyo ya kupanga usiidharau. Najua walimu, unamwambia mwanafunzi "chukua cha tatu kutoka juu". Usipoifunga mpangilio ndani ya linki, cha tatu chako siyo cha tatu chake.

#6 Mwalimu wa Mwanga

Mama, hilo la "cha tatu kutoka juu" nimelisema kweli, kwa sauti, darasani. Umenikamata.

Nimezipitia. Saba zina jsessionid, hizo nimezizika. Lakini ya tano haina tiketi yoyote, iko hivi:

http://192.168.1.20/cgi-bin/koha/opac-search.pl?q=Liemba

Swali limo, Liemba imo. Mbona haifunguki? Na ya tisa, ile ya mapishi, mwisho wake niliuandika kwa mkono nikijifanya fundi: opac-search.pl?q=Lake Tanganyika&idx=su

#7 Fundi Seva

Ya tano usipoteze bando. Chochote kinachoanza na 192.168 ni anwani ya ndani ya jengo. Ni sawa na kumwelekeza mgeni "njoo kwenye chumba cha pili kushoto" bila kumwambia nyumba ipi. Kila mtandao wa ndani, kuanzia ofisi mpaka kwa jirani mwenye Wi-Fi, unaweza kuwa na 192.168.1.20 yake. Hiyo linki itadumu miaka mia, ila kwa mtu aliyekaa ndani ya maktaba hiyo tu. Vyuo vingi wamefunga Koha vizuri kabisa, wakaishia kuiweka kwenye mtandao wa ndani. Dawa iko kwa watu wao wa TEHAMA, waipe jina la kikoa na waitoe nje. Wewe huwezi kuitibu kwa kubadilisha herufi.

Ya tisa ni nafasi. WhatsApp ikikuta nafasi inaamua linki imeishia hapo, kinachofuata ni maneno ya kawaida. Kijana alibonyeza q=Lake. Lile idx=su nalo likabaki nje, kwa hiyo katalogi ikatafuta neno "lake" popote pale: kichwa, maelezo, jina la mchapishaji. Samaki wakaingia. Nafasi ijaze kwa + au %20:

q=Lake+Tanganyika&idx=su

Ukitaka maneno mawili yakae pamoja kama yalivyo, unayazungushia alama za kunukuu, na alama hizo kwenye linki zinaandikwa %22. Angalia mtego: ukiandika kwenye Word, Word inazipinda zile alama ziwe za mapambo. Macho yako yanaona kitu kilekile, katalogi inaona herufi nyingine kabisa na inaweza kukurudishia sifuri. Andika linki zako kwenye notipadi ya kawaida.

Na nukta. Ukimaliza sentensi kwa linki usiweke nukta mwishoni imegusana nayo, programu nyingine huimeza iwe sehemu ya anwani.

#8 Kijana wa Kibirizi

Nimeifungua hiyo 192.168.1.20 hapa nyumbani nione Liemba. Imenijia printa ya shemeji, inasema wino umekwisha.

#9 Mzee wa Stesheni (Tabora)

Nawasoma vijana. Mimi nilisoma hapa Tabora, maktaba ilikuwa na kabati la droo ndogondogo, kila droo imejaa kadi, chini ya kadi kuna tundu na chuma kirefu kimepita ndani ili mtu asichomoe kadi akaondoka nayo. Huko hakukuwa na tiketi wala seva. Ulichokuwa unahitaji ni kujua neno ambalo mkutubi aliliandika. Mimi nilitafuta ziwa letu kwenye L, nikitafuta Lake. Nikakuta kadi moja tu, imeandikwa kwa mashine ya taipu: angalia Tanganyika, Lake. Nikatembea droo kama kumi mpaka T. Huko ndiko walikokuwa wamejazana.

Swali langu kwa mama hapo juu: haya mambo ya su na ti, yanajua kwamba ziwa liko kwenye T?

#10 Mama Katalogi (Tabora)

Shikamoo mzee. Yanajua, na umegusa palepale ambapo linki ya mwalimu ingekwama hata baada ya kuponywa nafasi.

Wakutubi hatuandiki mada kwa kubuni. Maktaba nyingi sana duniani, na za kwetu zikiwemo, zinafuata orodha ya mada ya Library of Congress ya Marekani. Humo ziwa limeandikwa kinyumenyume vilevile kama kwenye kadi ya mzee: Tanganyika, kisha koma, kisha Lake. Ukitafuta upande wa mada kwa maneno mawili bila kuyafunga, unapata, kwa kuwa yote mawili yamo. Ukiyafunga kwa alama za kunukuu kwa mpangilio wa "Lake Tanganyika", unaweza kuvikosa vyote vilivyoingizwa vizuri na kupata vile tulivyoingiza ovyo. Kwa hiyo ushauri wa Fundi wa %22 ni mzuri kwa kichwa cha kitabu, kwa mada uutumie kwa akili.

Majina ya watu nayo vivyo hivyo. Orodha ile inaondoa viambishi vyetu. Waha ni Ha, Wanyamwezi ni Nyamwezi, kisha yanafuata maneno African people. Mwanafunzi akiandika Waha kwenye mada anaambiwa hakuna kitu, anaondoka akiamini hakuna aliyewahi kuandika juu ya babu zake. Akiandika Ha peke yake upande wa kichwa anapata vichekesho. Linki yako ya mada iwe q=Ha+African+people&idx=su. Sipendi ilivyo, lakini ndivyo ilivyo, na afadhali mwalimu aibebe shida hiyo ndani ya linki kuliko mwanafunzi kuigundua peke yake saa tano usiku.

#11 Fundi Seva

Mama kanirekebisha, nimekubali.

Nimeongeza moja kuhusu Liemba kwa sababu ina majina mawili. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa meli, reli na migongo ya watu, ikaungwa hapahapa Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 wakati wanaondoka, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Kitabu cha vita kinaweza kuitaja Götzen tu, cha usafiri kinaitaja Liemba tu. Na waandishi wengine wasio na ile ö kwenye mashine wanaandika Goetzen. Unaunganisha:

q=Liemba+OR+Götzen+OR+Goetzen

OR iwe herufi kubwa. Ukiipesti mahali ukaona ö imegeuka %C3%B6 usishtuke, ni herufi ileile imevaa nguo za safari. Usiirekebishe kwa mkono.

#12 Bando Limekata

Sawa nimekubali kujifunza, lakini hizo linki ni ndefu kama reli ya kati. Si uzifupishe tu na zile huduma za kufupisha?

#13 Fundi Seva

Hapo ndipo unapoharibu kazi yote. Ukifupisha, linki yako sasa inategemea watu wawili: maktaba, na mwenye huduma ya kufupisha. Google walikuwa na goo.gl, kampuni kubwa kuliko hiyo utapata wapi? 2019 wakaacha kupokea linki mpya, na 2025 wakazima zile zilizokuwa hazitumiki. Mtu aliyechapa goo.gl kwenye kitabu mwaka 2014 huenda amechapa wino bure.

Na kibaya zaidi, linki iliyofupishwa imeficha swali. Linki ndefu ya Koha ikifa, mtu bado anasoma ndani yake: alitafuta Ujiji, upande wa mada. Anaenda kutafuta kwingine. Iliyofupishwa ikifa imekufa na siri yake.

#14 Mwalimu wa Mwanga

Hiyo hoja ya mwisho nimeipenda kuliko zote. Sasa kuna vitabu viwili nataka wavione hivyohivyo, siyo orodha. Nimefungua ukurasa wa kitabu chenyewe, linki ni hii:

opac-detail.pl?biblionumber=4417&query_desc=su%2Cwrdl%3A%20Ujiji

Hii nayo ni tiketi?

#15 Mama Katalogi (Tabora)

Hapana, hiyo ni namba ya kitabu kwenye katalogi hiyo. Kata kuanzia &query_desc mpaka mwisho, huo ni mkia tu wa kukumbusha ulitokea wapi. Ibaki biblionumber=4417. Inafunguka.

Lakini niungame jambo. Linki za namna hii, wanaoziua ni sisi. Kitabu kimoja kinaweza kuingizwa mara mbili na watu wawili, siku moja unaona rekodi pacha, unaziunganisha: moja inabaki, nyingine inafutwa. Mwaka juzi niliunganisha kadhaa kwa mkupuo mmoja nikajisifu katalogi imetakata. Baada ya siku tatu mhadhiri mmoja akaja mezani kwangu na orodha yake ya kozi, nusu ya linki zinasema rekodi haipo. Vitabu vilikuwepo rafuni, hakuna kilichopotea, ila namba nilizozifuta ndizo alizokuwa amezichapa. Sikuwa na la kujitetea. Na maktaba ikihama mfumo mmoja kwenda mwingine, namba zote zinaweza kupangwa upya.

Tangu hapo mtu akitaka linki ya kitabu kimoja nampa ya utafutaji kwa ISBN, opac-search.pl?idx=nb&q= halafu tarakimu zenyewe. Namba hiyo imechapwa kwenye kitabu, mimi siwezi kuifuta hata nikikasirika. Za Tanzania utazitambua, nyingi zinaanza 978 kisha 9976 au 9987. Na ikitokea katalogi yetu imezimika, tarakimu hizohizo anaweza kuzipeleka WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia, akaona ni maktaba zipi nyingine zinacho.

#16 Mzee wa Stesheni (Tabora)

Vya zamani havina hiyo namba. Ninacho kimoja cha 1963 hapa, nimekigeuza mbele nyuma, hakuna kitu.

#17 Mama Katalogi (Tabora)

Kweli mzee, ISBN zimeshika kuanzia karibu na 1970. Kwa vya kabla ya hapo unatumia mwandishi na neno moja adimu la kwenye kichwa, siyo kichwa kizima. Kichwa kizima kinabeba koma na nukta ambazo kila katalogi inaziandika kivyake.

Kama kitabu kimo kwenye katalogi ya Library of Congress, kina namba yao, na wao wametengeneza anwani fupi ya kudumu kwa kila rekodi: lccn.loc.gov, mkwaju, kisha namba. Kuna ujanja mdogo. Namba za zamani zina kistari, kwa mfano 85-2. Unaondoa kistari na sehemu ya pili unaijaza sifuri mbele mpaka itimie tarakimu sita: 85000002. Ukiipeleka na kistari chake ukaambiwa hakuna, usiseme Wamarekani wamekipoteza.

#18 Mwanachuo Ng'ambo

Mimi naleta kero ya pembeni. Nina linki za makala nilizochukua nikiwa nimeingia kwa akaunti ya chuo, kila nikimtumia mtu nje anadaiwa nywila. Na za tasnifu kutoka hazina za vyuo, nyingine zinafunguka nyingine hapana.

#19 Fundi Seva

Za makala: tazama kama mwanzo wa linki una kitu kama login?url= . Hilo ni geti la chuo chako, limebandikwa mbele ya anwani halisi. Likate, ubaki na kilicho baada yake. Kama makala ina DOI, yaani namba yake ya kudumu, iandike kwa DOI tu na usahau mengine.

Tasnifu: hazina nyingi zinatumia programu ya DSpace, na kila tasnifu hupewa namba ya handle ya kudumu. Namba hiyo ina sehemu ya mbele ambayo taasisi inatakiwa kuisajili. Ukiona sehemu hiyo ni 123456789, ujue waliofunga programu waliiacha kama ilivyotoka dukani. Ndani ya tovuti yao itafunguka, lakini kupitia hdl.handle.net haitafika popote, kwa kuwa hakuna aliyeisajili. Inavaa sura ya kudumu, haidumu. Hiyo chukua anwani ya tovuti yao, na uandike kichwa, mwandishi na mwaka pembeni.

#20 Mwalimu wa Mwanga

Wakuu, nimebakiza yule binti wa Ujiji na karatasi zake. Ana simu ya kitochi, ya kuingia mtandaoni anaazima ya kaka yake jioni. Msinicheke.

#21 Mama Katalogi (Tabora)

Hakuna anayekucheka, huyo ndiye mwanafunzi wa kumfikiria kwanza. Kwenye karatasi usichape linki peke yake. Chapa kichwa, mwandishi, mwaka, ISBN kama ipo, na ile namba ya mgongoni mwa kitabu. Kwa namba hiyo anaingia maktaba yoyote inayopanga kwa Dewey, mfumo wa namba za mada, na kwenda rafu ya Tanzania, 967.8, bila kuwasha kitu chochote. Linki iwe chini yake, kwa mwenye simu.

#22 Fundi Seva

Na ukiweza chapa kodi ya QR pembeni, akiazima simu ya kaka anaipiga picha tu. Ila linki ikiwa ndefu vijiraba vinajaa na kuwa vidogo, na printa za steshenari zinavipaka vikashikana. Kata kila kisichohitajika ndani ya linki kwanza, chapa kubwa, halafu ijaribu kwa simu mbovu kuliko zote darasani, ya kwako isikudanganye.

#23 Mwalimu wa Mwanga

Narudi na mrejesho, maana mnalalamikaga watu wakisaidiwa wanapotea.

Linki 14 zimebaki sita. Saba zilikuwa tiketi, nne kati ya hizo nimeziandika upya kwa mkono, tatu nimezisamehe. Nyingine tano zilikuwa za 192.168, nimeandika barua kwa chuo kuomba katalogi itoke nje. Nimejibiwa itafanyiwa kazi, mnajua wenyewe. Ya ziwa nimeiweka kwa T, na ya Liemba ina majina yote matatu. Mama alinitumia faragha katalogi ya maktaba yake ya Tabora ambayo iko wazi, nimejenga nyingi humo.

Jumatano usiku nilizituma. Alhamisi darasani kila simu ikafunguka, zote orodha moja, kuanzia juu mpaka chini. Yule binti alikuwa na karatasi moja safari hii. Amesoma nacho kijitabu kimoja tayari, kakikuta maktaba ya mkoa kwa namba ya mgongoni.

Leo kanirudia na kesi mpya. Jumatano alihesabu majibu ya linki ya Ujiji kwenye simu ya kaka yake, 31, akayaandika kwenye daftari. Jana usiku kafungua tena, 32. Na kilichoongezeka hakipo juu, kimejipenyeza katikati, cha kumi na tisa. Anauliza kama linki ni ya kudumu mbona imebadilika. Nimekosa jibu la haraka.

#24 Fundi Seva

Kilichofungwa kwenye linki ni swali. Majibu hayakufungwa, kila ukiifungua inauliza upya. Kama anataka orodha isiyosogea, Koha ina sehemu ya orodha, unaweka vitabu vyako humo, unaifanya ya wazi, unatuma linki ya orodha. Haiongezeki mpaka mwenyewe uongeze. Mimi kwa darasa ningemwachia hii inayoongezeka.

#25 Mama Katalogi (Tabora)

Mwambie amehesabu vizuri kuliko wasaidizi wangu. Hicho cha 32 nimekiingiza mimi Ijumaa mchana. Kilikuwa ndani ya boksi la vitabu vya kupewa, chini ya meza yangu, tangu sijui lini, kimeliwa na mchwa pembe moja lakini kurasa zote zipo. Kimekwenda katikati kwa sababu ni cha 1971 na linki yenu inapanga vipya juu.

Nimekiweka rafuni leo asubuhi, 967.8, upande wa dirisha. Akipata safari ya treni aje akisome, aniulize mimi mezani.

#26 Kijana wa Kibirizi

Mama, na kile cha mapishi ya samaki kiko namba ngapi?

#27 Mama Katalogi (Tabora)

641, rafu ya chini. Kimeazimwa.